Kuingiza huduma ya kupanga meno katika mfumo wa kidijitali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hutoka kwa madaktari wa kupanga meno, wasaidizi wao, mafundi wa maabara na wasimamizi wa kliniki wanaotaka kuachana na mafaili ya karatasi na sampuli za meno zilizotengenezwa kwa plasta. Nimeyapanga kwa mfuatano ambao ningependa mtu ayasome kabla hajasaini hati ya kununua chochote.

Tukisema huduma imeingia kidijitali, tunamaanisha nini?

Wengi wakisikia hivyo huona skana mezani, kifaa cha kunasa umbo la meno mdomoni. Skana ni kipande kimoja tu. Huduma imeingia kidijitali pale taarifa ya mgonjwa inapoandikwa mara moja, kisha ikamfuata kila aendako: miadi ya kwanza, picha za uso na meno, eksirei, umbo la meno, mpango wa matibabu, oda ya maabara, kila marudio, hadi siku ya kuvua waya na miaka ya ritena (kifaa cha kuyashikilia meno yasirudi yalikokuwa) inayofuata.

Kupanga meno kuna tofauti kubwa na kazi nyingine za meno. Anayezibwa jino mara nyingi humaliza siku hiyohiyo. Mwenye waya za meno hurudi kwa mwaka mmoja na nusu, miwili, wakati mwingine zaidi, na akishavuliwa anabaki na ritena. Katikati ya muda huo daktari anaweza kuhama, msaidizi akaacha kazi, mzazi akabadilisha namba ya simu. Kinachobaki ni kumbukumbu. Ndiyo maana mimi hupima kila mpango kwa swali moja: mgonjwa huyu akija mwezi wa ishirini, akakaa mbele ya mtu asiyemjua, je, mtu huyo ataweza kuendelea pale tulipoishia?

Tuanzie wapi?

Anzeni na mgonjwa mmoja na daftari. Mtu mmoja wa kliniki amfuate mgonjwa mpya tangu anapopiga simu hadi anapowekewa waya, na kila jina la mgonjwa linapoandikwa upya aweke alama. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza niliona jina la mtoto mmoja kwenye daftari la mapokezi, jalada, fomu ya eksirei, bahasha ya maabara, sampuli ya plasta na risiti. Kwenye sampuli liliandikwa kwa penseli, na herufi mbili zilikuwa zimefutika kwa vidole vya watu waliolishika. Jina la kwenye bahasha lilikosewa. Hakuna skana inayotibu hilo.

Zoezi hilo litawaonyesha ni wapi taarifa inapotea na ni wapi watu wanasubiri bure. Mpangilio ninaoupendekeza baada ya hapo ni huu: kwanza miadi na rekodi za wagonjwa, kisha picha, kisha eksirei za kidijitali, kisha skana ya mdomoni na mawasiliano na maabara. Printa ya pande tatu ije mwisho, kama itakuja.

Kwa nini skana isitangulie? Ndiyo inayowavutia wagonjwa.

Ni kweli inavutia, na mgonjwa akiona meno yake yakizunguka kwenye skrini huelewa tatizo lake haraka kuliko kwa maelezo ya robo saa. Lakini skana huzaa mafaili, na mafaili yanahitaji mahali pa kukaa. Kliniki isiyo na utaratibu wa majina na hifadhi huishia na folda yenye mafaili yanayoitwa “skani mpya”, “skani mpya 2” na “ya mwisho kabisa”, na hakuna anayejua ipi ni ya nani. Jengeni kabati kwanza.

Je, skana inaondoa kabisa kazi ya kuchukua alama kwa aljineti?

Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Teknolojia yenyewe si changa: mfumo wa skani ya mdomoni uitwao CEREC ulianza kutumika kwa mgonjwa huko Zurich mwaka 1985, ingawa wakati huo ulikuwa wa kujazia meno. Aljineti, ule unga unaokorogwa kwa maji na kuumwa ili kupata umbo la meno, ina udhaifu wake unaojulikana. Ikikaa wazi hupoteza maji na kusinyaa, kwa hiyo plasta lazima imiminwe mapema. Mtoto mwenye koo jepesi hutapika. Na sampuli ikivunjika chonge, imevunjika.

Skana nayo ina masharti yake, na hapa ndipo mafunzo ya haraka haraka huwaponza watu. Haioni kilichofunikwa na mate, damu au ulimi. Hushona picha ndogo ndogo kuwa umbo moja, na kila mshono unaweza kuongeza kosa dogo. Ukivuka taya nzima kutoka gego la kulia hadi la kushoto, makosa hayo hujumlishana. Kwa hiyo fuateni njia iliyoelekezwa na mtengenezaji. Mara nyingi mtu huanza kwenye sehemu ya kutafunia, ambako kuna mabonde na vilima vya kushikwa na kamera, kisha upande wa ulimi, kisha upande wa shavu. Meno ya mbele ya chini ndiyo hupoteza watu wengi, maana ni membamba na laini. Hapo punguza mwendo, tikisa kichwa cha skana taratibu kutoka upande mmoja wa jino hadi mwingine, halafu songa mbele. Chuma cha braketi, vile vidude vinavyogandishwa kwenye meno kushika waya, hung'aa na kuichanganya kamera. Nyuma ya gego la mwisho panahitaji msaidizi wa kuvuta shavu na kukausha.

Halafu skani ya jinsi meno yanavyoumana. Mgonjwa akiambiwa “ng'ata”, wengi husogeza taya mbele kidogo kwa sababu ya kuwa na kitu mdomoni. Angalia skrini, kisha angalia mdomo wenyewe, kabla hujamwachia ashuke kitini.

Bakizeni aljineti kidogo kabatini kwa siku ambayo skana imegoma.

Skana ya mdomoni ina mionzi?

Haina. Hutumia mwanga. Mzazi akiuliza, ajibiwe hivyo moja kwa moja.

Na skani ya CT ya pande tatu? Iwe ya kila mgonjwa?

Hapana. Hiyo ni eksirei, na kwa kawaida dozi yake ni kubwa kuliko ya picha bapa ya taya. Ina nafasi yake: chonge lililokwama ndani ya mfupa, maandalizi ya upasuaji wa taya, mgonjwa aliyezaliwa na mpasuko wa kaakaa. Kuwa na mashine jengoni si sababu ya kumpiga mtoto picha. Kwenye mfumo wenu wekeni sehemu ambayo daktari lazima aandike sababu kabla oda ya eksirei haijatoka, ya pande tatu au ya kawaida.

Mafaili yawe ya aina gani?

Maumbo ya meno mara nyingi huhifadhiwa kama STL, aina iliyoanza mwaka 1987 pamoja na mashine za mwanzo za uchapaji wa pande tatu. STL hubeba umbo tu, kwa kawaida bila rangi. Mkitaka rangi ya fizi na madoa ya meno, PLY inafaa zaidi. Eksirei zikae katika DICOM, kanuni ya picha za tiba iliyopewa jina hilo mwaka 1993, kwa sababu faili lake hubeba ndani yake jina la mgonjwa, tarehe na vipimo. Eksirei iliyopigwa picha kwa simu kutoka kwenye skrini haina vipimo. Pembe na milimita zake haziaminiki.

Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: “Tukiacha kutumia programu yenu kesho, tutatokaje na mafaili yetu yote, na yatafunguka kwenye programu nyingine?” Mwambie akuonyeshe palepale kwa kutoa faili la mgonjwa mmoja wa mfano. Asikuambie tu kwamba inawezekana.

Kuna hatari gani ambayo watu hawaioni kabisa wanapounganisha kliniki na maabara?

Namba za meno. Naomba muda kidogo hapa.

Mfumo wa FDI, unaotumika sehemu kubwa ya dunia, una tarakimu mbili: ya kwanza inataja robo ya mdomo, ya pili inataja nafasi ya jino kuhesabu kutoka katikati. Mfumo uliozoeleka Marekani huhesabu meno 1 hadi 32, ukianzia gego la mwisho la juu kulia. Sasa chukua namba 24. Kwa FDI ni gego dogo la kwanza la juu kushoto, na ni mojawapo ya meno yanayong'olewa mara nyingi ili kupata nafasi. Kwa hesabu ya Marekani, 24 ni jino la mbele, la katikati, taya ya chini upande wa kushoto. Lile gego dogo kwao ni 12. Na 12 kwa FDI ni jino la pili la mbele, juu kulia.

Programu nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa mfumo mmojawapo, na mipangilio hiyo hubadilishwa kwa kubonyeza sehemu moja tu. Kompyuta ya daktari ikiwa FDI na ya anayeng'oa ikiwa nyingine, fomu itapita salama, itasomeka vizuri, na jino zima litatoka. Kwa hiyo chagueni mfumo mmoja kwa maandishi, hakikisheni kila programu imewekwa hivyo siku ya kuifunga, na kila oda ya kung'oa iandike namba pamoja na maneno kamili: “24, gego dogo la kwanza, juu kushoto”, na mchoro. Msidhani huo ni uandishi wa ziada. Jino la kudumu halirudi.

Fomu ya uchunguzi iweje?

Iwe ya kuchagua zaidi kuliko ya kuandika. Edward Angle aliyagawa matatizo ya kuumana kwa meno katika madaraja matatu mwaka 1899, na hadi leo madaktari wa kupanga meno wanaelewana kwa madaraja hayo. Yakiwa ya kuchagua, mwisho wa mwaka unaweza kuhesabu. Kila daktari akiandika kwa mtindo wake, kompyuta inakuwa daftari tu lenye umeme. Lakini acheni kisanduku kimoja cha maneno huru kwa kile mgonjwa mwenyewe anacholalamikia, na kiandikwe kwa maneno yake. Mtu aliyekuja kwa sababu ya jino moja lililopinda asipoona limenyooka, hataridhika na mengine yote mliyorekebisha.

Picha je? Wasaidizi wetu hupiga kwa simu zao na kututumia WhatsApp.

Acheni. Picha ya uso wa mgonjwa ikishakaa kwenye simu binafsi, hakuna anayejua itaishia wapi: imenakiliwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya mwenye simu, mtoto wake anaichezea nyumbani, simu inauzwa. Tena WhatsApp hupunguza ubora wa picha zinazotumwa kwa njia ya kawaida, na kingo za fizi zinapotea.

Nunueni kamera au simu ya kliniki isiyotoka jengoni, na picha ziingie kwenye rekodi siku hiyohiyo kisha zifutwe kwenye kifaa. Seti inayotumiwa na wengi ni picha nane: tatu za uso (mbele, mbele akitabasamu, ubavu) na tano za mdomoni (mbele, kulia, kushoto, taya ya juu, taya ya chini). Pigeni kwa umbali uleule na mwanga uleule kila mara, vinginevyo picha ya mwezi wa kumi haiwezi kulinganishwa na ya mwanzo.

Ridhaa iwe mbili. Moja ya kutunza picha kwa ajili ya matibabu, nyingine ya kuzitumia kufundishia au kutangaza. Mgonjwa akikataa ya pili, matibabu yake yaendelee bila kuguswa. Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayesaini, lakini mwulizeni na mtoto. Uso ni wake.

Mafaili ya zamani na makabati ya sampuli za plasta tuyafanyeje?

Msijaribu kuyaingiza yote. Wagonjwa walio kwenye matibabu waingizwe kwanza, na kwao vitu vinne tu: hali ya mwanzo, mpango, waya uliopo mdomoni sasa, na tarehe ya marudio yajayo. Waliomaliza na wako kwenye ritena wafuate, kidogo kidogo, wanapokuja. Wengine wabaki kwenye karatasi kwa muda ambao sheria ya nchi inataka rekodi zitunzwe. Muda huo kwa watoto mara nyingi huwa mrefu zaidi. Sampuli za plasta zinaweza kupigwa skani. Isitupwe hata moja kabla mtu hajafungua faili lake na kuthibitisha kwamba taya zote mbili zipo na zinakutana sawasawa.

Nakala rudufu ziwe ngapi?

Tatu. Ziwe kwenye vyombo vya aina mbili tofauti, na moja ikae nje ya jengo. Hiyo ndiyo kanuni inayojulikana kama 3-2-1, na mpaka sasa sijaona sababu ya kuipunguza.

Ila kuwa na nakala si sawa na kuweza kuirejesha. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo diski ya nje ilichomekwa kila jioni kwa uaminifu mkubwa. Siku seva ilipokufa tukaifungua, tukakuta nakala ya mwisho inayofunguka ni ya miezi mitano nyuma. Taa ya diski ilikuwa ikiwaka kijani siku zote. Tulikaa na wagonjwa mmoja mmoja tukiwauliza walibadilishiwa waya lini, na wengi hawakukumbuka. Mimi ndiye niliyekuwa nachomeka diski hiyo, na bado naumia nikiwakumbuka. Kwa hiyo kila mwezi mtu achague mgonjwa mmoja bila mpangilio, arejeshe rekodi yake yote kutoka kwenye nakala, na asaini kwamba imefunguka. Nakala moja isiwe imeunganishwa na mtandao muda wote, maana programu hasidi ikiingia hufunga kila inachokifikia.

Umeme au intaneti ikikatika katikati ya kazi?

Orodha ya wagonjwa wa siku ichapwe asubuhi, kwa karatasi, ikiwa na waya uliopo na hatua inayofuata. Betri ya akiba iwe kwenye seva na kwenye skana. Fomu tupu za karatasi ziwepo kwenye droo inayojulikana, na awepo mtu aliyetajwa kwa jina wa kuziingiza kwenye mfumo kabla ya kesho yake.

Wagonjwa wanaweza kufuatiliwa kwa mbali, kwa picha wanazopiga wenyewe?

Kwa baadhi ya mambo, ndiyo, na inasaidia sana kwa anayetoka mbali. Picha nzuri inaonyesha braketi iliyobanduka, waya uliochomoka, raba isiyovaliwa, chakula kilichoganda, na trei (ganda la plastiki la kusogeza meno) isiyokaa vizuri: ukiona mwanya kati ya ukingo wa trei na ncha ya jino, jino hilo limebaki nyuma.

Picha haionyeshi jino linalolegea kuliko inavyopaswa. Haibonyezi ufizi. Haisikii maumivu, wala haioni jino limeanza kuoza chini ya braketi. Mpango uandike wazi ni marudio gani yanaweza kuwa ya picha na yapi lazima mtu aje. Mimi nisingekubali mgonjwa akae kwa picha peke yake mfululizo, hasa mtoto.

Na tafadhali pangeni nani anajibu. Mgonjwa mwenye waya unaomchoma shavu saa mbili usiku akituma picha na asipate neno, siku nyingine hatatuma. Ujumbe wa kujibu wenyewe uwepo, ukisema picha itaangaliwa lini, na kwamba kwa sasa afunike ncha ya waya kwa nta aliyopewa. Ueleze pia dalili za kutosubiri: uvimbe wa uso, damu isiyokatika, kushindwa kumeza au kupumua.

Akili mnemba inaweza kutupangia matibabu?

Inaweza kuwafanyia sehemu ya kuchosha. Tangu mwaka 1931, Broadbent kule Marekani na Hofrath kule Ujerumani walipotoa mbinu za eksirei ya ubavu wa kichwa yenye vipimo, madaktari wamekuwa wakiweka nukta kwa mkono kwenye picha hiyo na kupima pembe kati yake. Leo programu huziweka kwa sekunde chache. Lakini pembe ya taya, ambapo ubavu wa kulia na wa kushoto hulala mmoja juu ya mwingine bila kulingana, programu inaweza kuibahatisha, na nukta moja ikisogea, pembe zote zinazoitegemea zinasogea nayo. Daktari aangalie kila nukta, azisogeze inapobidi, na mfumo uandike nani amethibitisha na saa ngapi.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye video ya meno yanayojipanga yenyewe kwenye skrini. Kwenye skrini jino hutelezea popote unapolivuta. Mdomoni lina mzizi, mzizi uko ndani ya mfupa, na mfupa lazima umong'onyoke upande mmoja na kujengeka upande mwingine, jambo linaloenda polepole, karibu milimita moja kwa mwezi. Programu inaweza kuyasukuma meno ya chini ya mbele hadi nje ya mfupa unaoyashika na bado picha ikapendeza. Mpango ukirudi kutoka maabara au kwenye programu, usiubonyezee “kubali” bila kuuliza mizizi itakuwa wapi. Na mgonjwa aambiwe kwamba ile video ni lengo, si ahadi.

Tununue printa na kutengeneza trei angavu wenyewe?

Trei angavu zilianza kuwa biashara kubwa baada ya kampuni ya Align kuanzishwa mwaka 1997. Kila trei husogeza jino kiasi kidogo sana, karibu robo ya milimita, na mgonjwa huivaa saa 20 hadi 22 kwa siku. Kuzitengeneza kliniki kunawezekana: unachapa sampuli kwa resini, unaiosha kwa spiriti, unaikausha kwa taa maalumu, unaivika karatasi ya plastiki iliyopashwa moto, unakata na kulainisha kingo.

Soma tena mlolongo huo, kisha jiulize nani ataufanya Ijumaa jioni. Resini mbichi inawasha ngozi na mvuke wake si wa kuvuta. Inahitaji glavu, chumba chenye hewa na utaratibu wa kutupa taka. Resini ya sampuli siyo ya kuwekwa mdomoni, na chupa zake zisikae rafu moja na zile zilizoidhinishwa kugusa fizi. Kwa kliniki nyingi naona ni busara kuanza na ritena tu. Ritena ikipotea Jumatatu, faili lipo, Jumatano mgonjwa ana nyingine, na meno hayajapata muda wa kurudi. Faida hiyo ni ya kweli na inaonekana mapema.

Kwa nini mgonjwa asiagize trei mtandaoni moja kwa moja bila kuja kliniki?

Kwa sababu kuna mambo lazima yaangaliwe kabla jino halijasukumwa: ugonjwa wa fizi, jino bovu, mizizi mifupi, jino lililofichika. Na kwa sababu ya kumbukumbu niliyoitaja mwanzo. SmileDirectClub ya Marekani, iliyokuwa ikituma trei majumbani, iliomba ulinzi wa mufilisi Septemba 2023 na kufunga kazi Desemba mwaka huohuo. Watu waliokuwa katikati ya matibabu walibaki na trei mkononi bila pa kupeleka swali. Mpango wenu nao useme: kliniki ikifungwa, au muuzaji wa programu akifungwa, mgonjwa atapewaje rekodi zake ili mwingine aendelee?

Wafanyakazi wanaogopa. Tufanyeje?

Waulizeni wanaogopa nini. Kwa kawaida ni vitu vitatu tofauti vinavyofanana kwa nje. Mmoja anaogopa kufukuzwa. Mwingine anaogopa kuonekana hajui mbele ya vijana. Wa tatu anaogopa kosa ambalo mfumo utaliandika kwa jina lake. Wa kwanza anahitaji kauli ya wazi kutoka kwa mwenye kliniki. Wa pili anahitaji kufundishwa peke yake, na afanye skani za wenzake kwanza, wala si za wagonjwa. Wa tatu anahitaji kuona kosa la kwanza likipokelewa kama habari ya kurekebisha mfumo.

Fundi wa maabara msimsahau. Mara nyingi yeye ndiye mwenye jicho la miaka mingi, na kazi yake ndiyo inayobadilika kuliko zote. Aliyezoea kukunja waya kwa koleo ataijua trei isiyokaa kabla kompyuta haijasema. Mkae naye mnapochagua programu.

Na punguzeni wagonjwa katika wiki za mwanzo. Kliniki inayoanza mfumo mpya huku ratiba imejaa hurudi kwenye karatasi kabla mwezi haujaisha.

Kwenye bajeti watu husahau nini?

Ada za kila mwaka za programu. Vichwa vya skana, ambavyo huchakaa kwa kutakaswa mara nyingi. Kurekebisha vipimo vya skana. Hifadhi, maana skani moja ya CT inaweza kuwa mamia ya megabaiti. Kompyuta yenye nguvu ya kuonyesha maumbo ya pande tatu. Saa za mafunzo, ambazo ni saa za wagonjwa zilizopotea. Na mtu wa kumpigia simu mfumo unapogoma.

Itachukua muda gani?

Miezi michache kuanza, miaka miwili kumalizika. Sababu ni ya kitabibu: mgonjwa aliyefungwa waya juma moja kabla ya kuhama atakuwa bado anarudi kwenu baada ya mwaka na nusu. Wekeni tarehe moja. Kila mgonjwa mpya baada yake aanze na kumaliza kidijitali. Walioanza zamani waendelee na faili lao la karatasi, na muhtasari wa vitu vinne ukiwa kwenye mfumo. Zaidi ya muhtasari huo, mgonjwa mmoja asiandikwe nusu huku nusu kule.

Tutajuaje kwamba imefaa?

Hesabuni kabla ya kuanza, kisha hesabuni tena: siku ngapi kutoka picha za mwanzo hadi kufungwa waya, skani ngapi zilirudiwa, oda ngapi maabara ilirudisha kwa maswali, miadi mingapi ilipita bila mtu.

Lakini kama nafasi ni ya kipimo kimoja, chukueni orodha ya wagonjwa wenye vifaa mdomoni ambao hawajaonekana kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwenye karatasi orodha hiyo haiwezekani kupatikana bila kufungua kila jalada. Kwenye mfumo uliojazwa vizuri ni suala la kubonyeza mara mbili. Tulipoitoa kwa mara ya kwanza, msaidizi mmoja alikaa na simu mchana kutwa. Wa tatu kumpigia alikuwa kijana ambaye mama yake alihama mji akadhani tulimwacha. Waya ulikuwa umemchoma ufizi na yeye akaukata kwa kisu cha kucha. Alikuja kesho yake. Tulifungua rekodi, tukaona tulipoishia, tukaendelea.

Itoeni orodha hiyo kila Jumatatu, na jina la atakayepiga simu liandikwe juu yake.